Tupokee mugeni mwenye kuya na kaye mukononi

Maneno yaliyotolewa mbele ya vijana, wanafunzi na wenye nyumba wa komini ya Makiso, muji wa Kisangani



Vuguvugu letu la raia munalizoea kwa mambo ingine. Munatuona barabarani na mapankarti, tunauliza maji, tunauliza umeme, tunauliza feza ya wahanga wa vita iko wapi. Leo nataka tuongee juu ya kitu chenye hakina kelele: wanafunzi wanaotoka inchi za kigeni. Nani anawapokea, nani anakula matunda yake, na sababu gani muji wetu, wenye iniversite tangu 1963, unatuma watoto wake inje kuliko unavyopokea watoto wa wengine.

Kwanza swali. Nani hapa iko na ndugu, dada ao mutoto wa jirani mwenye anasoma Kampala? Inueni mikono. Munaona wenyewe.

Mutoto wa Kisangani akienda kusoma Kampala, jamaa inauzisha kiwanja, inageuza faranga kuwa dola, na dola zikifika kule zinageuka shilingi. Shilingi ile inalipa chumba kwa mama moja wa kule. Inalipa boda-boda. Inalipa rolex, ile chapati ya kukunjwa na mayai yenye wanafunzi wa Uganda wanakula asubui. Muhula ukiisha, tunatuma tena. Uganda haikutuuzishia hata kilo moja ya sukari, lakini dola yetu imeingia kwake na imebaki. Wenye uchumi wanahesabu ile feza kama mauzo ya inje, sawa vile kahawa. Vyuo vya Kampala vinapokea vijana wa Bunia, wa Beni, wa Butembo, wa Goma, wa hapa kwetu, na nyuma ya kila kijana kuko mama anayepika, fundi cherehani, muuza fotokopi, mwenye nyumba.

Sisemi watoto wasiende. Mwenye kwenda kutafuta Kiingereza anajua anachotafuta, na mimi sitamufungia njia. Nasema tu kwamba biashara hii iko, majirani wanaifanya mbele ya macho yetu, na sisi tuko ndani yake upande wa wanunuzi peke yake.

Sasa angalieni hali ya Kisangani. Mutu wa hapa akitaka kuuzisha kitu inje, kahawa, kakao, muchele, iko na barabara ya RN4 kuelekea Beni, na munajua matope ya RN4. Ao iko na muto, na boti yenye kuchukua majuma mengi kufika Kinshasa. Kila gunia linakutana na barieri, na kila barieri iko na mukono umenyooshwa. Lakini mwanafunzi mugeni ni mauzo yenye kutembea yenyewe. Anakuya na miguu yake, anakulia hapa, analala hapa. Hauhitaji kamio ya kupeleka lituma Bangui. Mutu wa Bangui njo anaifuata kwenye meza ya mama, karibu na iniversite.

Tupige hesabu, mufano tu. Tuseme mwanafunzi moja analipa chumba dola 30 kwa mwezi, chakula 75, toleka na moto 15, na vitu vidogo-vidogo, inite, sabuni, kazi ya sekretaria, 30. Ni dola 150 kwa mwezi. Miezi kumi, 1,500. Wakiwa wanafunzi mia moja tu, ni dola 150,000 kwa mwaka, bila kuhesabu minervali yenye kuingia kwa iniversite. Mia moja si wengi. Wanaenea ndani ya oditoriamu moja. Na ile feza haipiti kwanza kwa ofisi ya mukubwa. Inaanzia chini: kwa mwenye chumba wa Makiso, kwa kijana wa Kabondo mwenye kukanyaga baiskeli, kwa mama wa Mangobo mwenye kuleta makemba na sombe sokoni asubui. Miradi mingi yenye tunaahidiwa inaanzia juu, na tunaingoja chini mpaka tunazeeka.

Mutu ataniuliza: nani atakuya huku, wakati sisi wenyewe tunakimbia? Ni swali ya haki. Hakuna mutu atatoka Nairobi ao Kampala kuya kusoma kompyuta Kisangani, pale umeme unakatika katikati ya somo. Tukitaka kushindana kwa kila kitu tutachekwa. Lakini kuko vitu viwili vyenye tuko navyo kuliko wao.

Cha kwanza ni pori na muto. Kilometa karibu mia moja chini ya muto kuko Yangambi, kituo cha utafiti wa kilimo na misitu chenye Wabeleji walianzisha mwaka 1933, leo kiko mikononi mwa INERA. Nyumba yake ya majani yaliyokaushwa inachunga karibu vipande 150,000 vya mimea ya Afrika ya kati. Tangu 2020 kuko mnara wa metre 55 ndani ya pori, wenye kupima hewa ambayo pori inavuta na kutoa, kazi ya INERA pamoja na watu wa iniversite ya Gent na wengine. Mwaka 2010 wasayansi wa Kongo na wa Ubeleji waliondoka hapa Kisangani na maboti, safari yenye waliita kwa Kilingala Boyekoli Ebale Congo, kujifunza muto, na kisha yake tukapata ndani ya UNIKIS kituo cha kuchunguza viumbe, CSB. Mradi wa FORETS, kwa feza ya Umoja wa Ulaya, ulisomesha hapa wanafunzi wa masta na wa daktora juu ya misitu. Mutu wa dunia hii mwenye kutaka kujifunza pori ya mvua ya Afrika, akiwa na akili, atauliza njia ya Kisangani.

Na munajua hadisi ya lesula. Mwaka 2007 watafiti walikuta nyani mudogo ndani ya nyumba ya mutu kule Opala, mwenye uso sawa wa mutu. Wakauliza: huyu ni nani? Watu wakajibu: ni lesula. Miaka mitano ilipita mbele ya jina lake la sayansi kuandikwa, mwaka 2012, na dunia yote ikasema nyani mupya amepatikana. Mupya kwa nani? Wawindaji wa Lomami walimujua tangu ba babu. Lakini sikilizeni kitu kimoja: jina lesula njo lilibaki, watu wa Amerika na Ulaya wanalitamka leo. Mugeni alikuya kusoma kwetu, na akarudia na neno letu. Ile pia ni faida, ingawa haiingie mufukoni.

Cha pili ni lugha. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Mwaka mmoja mbele, Februari 2021, marais wa Jumuiya walikubali Kiswahili na Kifaransa viingie kando ya Kiingereza. Sasa fikirini kijana wa Arusha ao wa Mbarara mwenye kutafuta kazi ndani ya ofisi za Jumuiya, ao ndani ya kampuni yenye kufanya biashara na Kongo. Anahitaji Kifaransa. Ataenda kukijifunza Paris? Na visa gani, na feza gani? Hapa anaweza kujifunza Kifaransa kwa mwalimu, na wakati mwalimu haelewi swali lake anauliza kwa Kiswahili. Akitoka darasani, Kilingala kinamungoja kwa mulango bila malipo. Muji gani mwingine wa Jumuiya unatoa lugha tatu namna ile? Tunacheka Kiswahili chetu, tunasema kimevunjika, watu wa Tanzania watatucheka. Wacha wacheke. Mwezi wa pili watakuwa wanasema "aksanti" na "kuya" kama sisi.

Wengine wanafikiri kupokea wanafunzi wa inje ni ndoto yenye vijana wameleta kutoka simu zao. Hapana. Wakati Waprotestanti walifungua Iniversite Huria ya Kongo hapa mwaka 1963, muji ukiwa bado unaitwa Stanleyville, ilikuwa kwa kusudi ya kupokea vijana wa kila upande wa inchi, na walimu wa kila upande wa dunia. Agosti 1964 Simba wakachukua muji, na iniversite ikakimbilia mji mukuu, ikarudi kisha. Mwaka 1971 Leta ikaiingiza ndani ya iniversite moja ya taifa. Tangu 1981 inaitwa Iniversite ya Kisangani. Ndani ya miaka ile, profesa Mubeleji Benoît Verhaegen alikaa hapa miaka mingi akiongoza kituo cha utafiti chenye kuitwa CRIDE. Na mwisho wa miaka ya 1970 alikuya mwanamuke moja, Janet MacGaffey, mwenye kutayarisha daktora yake. Alizunguka kwa wafanyabiashara wa muji huu, akauliza namna gani mutu anapanda kutoka meza ndogo mpaka magazini, akauliza ba mama pia, wakati ambapo wakubwa hawakuona biashara ya ba mama kuwa kitu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1987. Mutu akitaka leo kujua ba nyanya zetu walifanya biashara namna gani hapa, anakisoma. Kwa Kiingereza, kwa kweli. Hapo njo kuko jambo lenye nitarudilia: tumewasaidia wengi kuandika, na vitabu vimelala mbali na sisi.

Makerere pia ilikua kwa kupokea. Nyerere wa Tanganyika alisoma pale, Kibaki na Ngũgĩ wa Kenya walisoma pale. Mpaka leo watu wazima wa inchi zile wanaongea Kampala kwa upole, kwa sababu ujana wao ulipita kule. Ile upole ni mali. Mutu mwenye alikula lituma yako akiwa na miaka 20, siku akikuwa waziri ao mukubwa wa banki hatakusahau bure.

Lakini nisiwadanganye. Kusoma pamoja hakumalizi vita. Museveni alisoma Dar es Salaam, ndani ya chuo chenye kujaa vijana wa Afrika yote wenye kuhubiri umoja wa bara. Na sisi hapa tunajua mwezi wa sita 2000.

Hapa nafika kwenye kidonda. Sisi watu wa Kisangani, mugeni mwenye tunamukumbuka kuliko wote alikuya na bunduki. Majeshi mawili ya inchi za jirani, Uganda na Rwanda, yalipigana siku sita ndani ya muji wetu, juu ya vichwa vyetu. Raia zaidi ya 700 walikufa, maelfu ya nyumba zikabomolewa, makombora yakaanguka kwa mashule na makanisa. Mwaka 2022 korti ya La Haye ikaamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, na mufuko wa kugawanya malipo ya wahanga, FRIVAO, uko na makao yake hapa hapa Kisangani. Wengi wenu mungali munangoja. Vuguvugu letu litaendelea kuuliza ile feza, na hotuba ya leo haiichukulie nafasi.

Sasa mama moja wa karte yetu, wakati tulikuwa tunatayarisha mukutano huu, alituambia: "Munataka nilalishe mutoto wa Uganda ndani ya nyumba yenye bombe ya Uganda ilitoboa?" Tulinyamaza. Sikutaka kumupa jibu ya haraka, na leo pia siko na jibu ya kufunga mudomo wake. Nasema tu hivi. Kijana wa Uganda mwenye miaka 19 leo hakuzaliwa wakati ule. Inawezekana hakuna mutu alimufundisha kitu kilichopita hapa. Akikaa mwaka ndani ya Makiso, akapita mbele ya makaburi, akasikia wewe mama ukimusimulia na mudomo wako, atarudi kwao akiwa shahidi. Korti ya La Haye iliandika kurasa nyingi, na vijana wangapi wa Kampala wamezisoma? Mimi napenda kwao kuwe vijana elfu wenye kujua 2000 kwa jina la karte na la mutu. Lakini mama yule akisema hapana, chumba ni chake, na hakuna mutu wa vuguvugu hili atamulazimisha.

Kuko hofu ingine, ya kodi. Wanafunzi wa hapa wanasema: wageni wakiya na dola, mwenye nyumba atanifukuza. Wana haki. Muji wenye kupokea wageni bila kujenga vyumba unakula watoto wake. Mwanafunzi wa Basoko, wa Isangi, wa Bafwasende, yeye pia ni mugeni wa Makiso, na anaumizwa mbele ya wote: garanti ya miezi mingi bila karatasi, kufukuzwa katikati ya mitihani, msichana kuombwa kitu kingine mahali pa kodi. Kama hatuwezi kumupokea vizuri mutoto wa Isangi, tusiite mutoto wa Bujumbura. Njo maana kila kitu chenye tunauliza leo kwa ajili ya mugeni, tunakiuliza kwa ajili ya wote wawili.

Tunauliza nini? Kwa wakubwa wa muji na wa uhamiaji: karatasi moja, yenye kubandikwa kwa ukuta na kwa intaneti, yenye kuandika kila feza ambayo mwanafunzi wa inje analipa, visa, maandikisho, ulinganisho wa diploma, bei yake na ofisi yake. Chenye hakiko juu ya karatasi hakilipwi. Trakaseri njo inafukuza wageni kuliko umasikini wetu. Mutu anaweza kuvumilia giza, hawezi kuvumilia kuombwa feza kila asubui na mutu mwenye kofia mupya.

Kwa iniversite na vyuo vikubwa vya muji: kila mutafiti wa inje aache nakala ya kazi yake hapa, ndani ya maktaba yetu, na afanye kazi pamoja na mwanafunzi wa hapa, mwenye jina lake litaandikwa juu ya kitabu, si ndani ya shukrani kule nyuma. Na tuanze na kitu kidogo: masomo ya Kifaransa ya miezi mitatu, wakati wa likizo, kwa vijana wa Jumuiya. Haihitaji sheria ya bunge. Vyumba vya darasa vinakuwa bure wakati ule, na walimu wenye kujua kazi wako, wanangoja mshahara.

Kwa wenye nyumba: mkataba wa kuandikwa, hata kurasa moja. Na kwetu sisi vijana, toleka ya mugeni iwe bei ya toleka ya mwenyeji. Tukimukata mugeni mara mbili leo, tumekula mayai na kuku.

Munaona karatasi pale kwa meza, karibu na mulango. Mwenye iko na chumba ndani ya Makiso anaweza kuandika karte yake, bei ya mwezi, garanti anayouliza, kama kuko maji ya bomba ao kisima, na kama mulango unafungwa kwa ndani. Ile ya mulango tusiiache, ba dada waliiomba wenyewe. Kamati ya komini itapita nyumba kwa nyumba kuhakikisha, kisha orodha itapelekwa kwa iniversite, na nakala moja itabandikwa hapa. Kalamu ziko mbili tu, basi tupane nafasi.